Machungwa Amepauka

Kwetu, usiku, hatukumtaja kwa jina lake.
Bibi alisema "ile kamba", na kamba ikaenda zake.
Hapa Dundee mwanangu Hemedi amemweka kwenye kioo,
kampa taa, bakuli la maji, gogo la kujifichia,
kamwita Machungwa,
nami namtaja saa yoyote, kwa sauti, hata giza likiwa nene.

Wanamwita nyoka wa mahindi.
Hajala punje hata moja.
Hula panya, panya weupe wa dukani,
waliogandishwa wamekunja mikono kama wenye kusali,
nami nawaweka chini kabisa ya friza,
chini ya sambusa, chini ya kisamvu,
ndani ya mifuko miwili,
na wa tatu kwa ajili ya roho yangu.

Alikuja na rangi ya mawese yakichemka.
Kufika Januari alikuwa chai
iliyotiwa maziwa na mtu asiyejua chai.

"Anajivua gamba," nilimwambia mtoto. "Ngoja."
Tukangoja. Macho yakaingia ukungu, ukungu ukaondoka.
Gamba likatoka zima, kama soksi.
Chini yake, chai ileile.

Daktari Mairi Geddes alimpima kwenye mizani ya jikoni,
gramu mia nne na kumi,
akamfungua kinywa kwa kijiti.
"Huenda ni umri. Wengine hufifia tu.
Huenda ni joto. Huenda ni chakula."
Kwenye neno la mwisho akaniangalia mimi.
"Panya hawa uliwanunua lini?"

Nikahesabu kwa Ramadhani.
Si hii. Si iliyopita.
Panya mia, bei ya jumla, nikajiona mjanja.
Rahisi ghali, mama yangu alisema,
ila yeye alikuwa anazungumzia viatu.

Daktari akaeleza, kwa lafudhi ninayoishika nusu:
barafu huzuia kuoza, haizuii kila kitu;
vitamini huvuja kimyakimya, kama joto dirishani;
na panya aliyelishwa makapi ni mfuko wa makapi.
Rangi nyingine mwili hujitengenezea,
nyingine huokotwa sahanini.
Nikamkumbuka heroe wa Natron,
azaliwaye wa kijivu, akaula wekundu wake
kidogo kidogo ndani ya magadi.
"Nyoka si heroe," alisema. "Sina hakika.
Na usimmwagie matone ya vitamini A kama chumvi.
Ikizidi, ngozi hubabuka."

Hemedi aliandika yote kiganjani kwa kalamu.

Nje, saa tisa na nusu alasiri,
taa za barabarani zimekwishawaka.
Ndani ya basi niliutazama mkono wangu juu ya boksi lake.
Na huu, nani kaufifisha?
Zamu ya usiku, mkate na siagi,
zamu ya usiku, mkate na siagi,
na vile vidonge vya vitamini D alivyoniandikia nesi
bado vimo kwenye droo, pamoja na betri zilizokufa.

Tulitupa panya sabini na mmoja.
Jirani aliuona mfuko, hakuuliza.
Tukaleta vifaranga wa siku moja, wa manjano,
na panya wapya, wachache,
nikaandika tarehe juu ya mfuko
kama niandikavyo kazini kwenye dawa za wazee.
Kisha nikapika mchicha, nikala nimekaa.

Sasa ni Aprili. Amejivua tena.
Hemedi amelibandika gamba kwenye kioo cha dirisha;
linaupitisha mto Tay na daraja lake
bila kuongeza rangi yoyote.
"Mama, njoo umwone. Hapa, shingoni."
Navaa miwani. Sijui.
Huenda ni mawese yanarudi. Huenda ni jua tu.
"Mgeuze kidogo," nasema.